Bonde Halina Kadi

2 Desemba
Mvua ya maana imenyesha tangu alfajiri. Chediel, mume wangu, ametoka na jembe huku anaimba wimbo wa kwaya ambao maneno yake hayajui. Tumeanza na mtama wa juu, karibu na nyumba. Udongo umeshika maji vizuri.

Kiti cha marehemu mwenyekiti wetu wa kijiji kitajazwa Februari kwa uchaguzi mdogo. Chediel ni katibu wa tawi la chama cha Ngao hapa kijijini, na anasema safari hii uchaguzi ni mwepesi. Nikamuuliza mwepesi kwa nani. Alikuwa ameshaingia kwenye wimbo tena.

5 Desemba
Mtama. Mgongo.

9 Desemba
Tumepanga zamu za kikundi chetu cha wanawake. Leo tunalima kwangu, siku nyingine kwako, na mwenye shamba ndiye anayepika. Yupo Yustina, wifi yangu, mdogo wake Chediel, ambaye ni wa chama pinzani cha Mizani mpaka kwenye kanga za kulalia. Yupo Amne, jirani yangu, mjane, naye Mizani. Mguu wake uliovunjika haujarudi sawa mpaka leo. Yupo Klara, anayeongoza akina mama wa Ngao. Na wengine. Miaka yote tumelima pamoja bila kuulizana kadi. Kitu tulichowahi kugombania ni chumvi kwenye mboga.

Amne alileta habari mbaya. Kuna mtu kutoka mbali anataka kukodi bonde lote alime vitunguu kwa pampu. Bonde ndilo linalotubeba kiangazi. Ndiko kwenye matuta yetu ya viazi vitamu, ndiko kwenye matembele, ndiko tunakochimba visima vya mkono mito ikikauka. Anayemzungusha mtu huyo ni Gasto, mwenye trekta, mjumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia Ngao.

Sote tulipiga kelele. Klara alitushinda. "Bonde? Labda niwe nimeshakufa!" akasema, na kila mtu akaitikia.

14 Desemba
Kefa, kiongozi wa Mizani hapa kijijini, amehutubia pale senta. Amesema bonde halikodishwi, na anayelitaka aje aseme mbele ya akina mama. Watu wa Ngao walisimama pembeni wakijifanya wananunua sabuni dukani, lakini niliona vichwa vyao vikikubali. Chediel mmojawapo.

Nyumbani akasema, "Kefa mchochezi sana."

"Na hilo la bonde?"

"La bonde amesema kweli."

"Sasa uchochezi uko wapi?"

"Mama Noel, lete chakula."

25 Desemba
Krismasi. Amne alikuja kula kwetu. Mvua kutwa.

6 Januari
Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo kulikuwa na mkutano wa hadhara wa Ngao. Wakubwa wametoka wilayani, spika zimefungwa juu ya gari. Katikati ya mkutano wakamwita Kefa. Kefa huyo huyo! Akapanda, akarudisha kadi ya Mizani mbele ya watu, akasema amekuja kuunga mkono juhudi. Wenzake wa Mizani walikuwa wamesimama chini hawajui wacheke au walie.

Na nani alimvisha kofia? Mume wangu. Mchochezi wa juzi akainamisha kichwa, Chediel akamweka kofia ya Ngao vizuri, akaisawazisha hata ukingo wake. Watu wakapiga makofi. Nilitazama nani anapiga makofi kwa furaha na nani anapiga kwa mazoea. Nikaona mazoea tu.

Njiani nilimuuliza, "Amekuja na lile neno lake la bonde, au ameliacha huko?"

Chediel akasema, "Ndiyo kwanza amefika, muache apumue."

11 Januari
Kura za maoni za Ngao zimepigwa. Kefa amemshinda Gasto. Watu wanasema maelekezo yalitoka juu. Mimi sijui ya juu. Najua tu kwamba mtu aliyeingia juzi ndiye mgombea, na wanaotandaza viti kwenye mikutano tangu ujana wao wanaendelea kutandaza viti.

13 Januari
Gasto amehamia Mizani. Spika zilezile, nadhani hata fundi wa spika ni yuleyule. Kadi ikarudishwa, fulana ikavaliwa. Na Mizani wamempa ugombea hapohapo, maana walikuwa hawana mtu tena.

Yustina alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Nilimkuta baadaye bondeni anachuma matembele.

"Wifi," nikamwambia, "Gasto ndiye aliyemleta mtu wa vitunguu."

"Hayo yalikuwa huko kwenu. Sasa hivi yuko na sisi."

"Yuko na nyinyi kwenye nini?"

"Yuko Mizani."

"Na wewe unataka bonde likodishwe?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi? Hapa nilipochuma mboga ya mama yangu?"

"Basi Gasto utampaje kura?"

"Wifi, usinichanganye. Mimi ni Mizani." Akabeba kikapu chake.

Nimeolewa kwenye ukoo huu muda mrefu. Yustina si mjinga. Ndiye anayewasomea barua watu wote wa upande ule. Lakini leo nilizungumza na fulana.

20 Januari
Mvua kila siku. Magugu yanakua ukiwa unayatazama.

24 Januari
Kefa alifika hapa nyumbani kuomba kura. Nilimkaribisha kiti, nikampa togwa, nikamuuliza bila kuzunguka, "Baba, lile bonde ukipita itakuwaje?"

Akafuta mdomo. "Mama Noel, mambo haya yanatazamwa kwa upana. Yule ni mwekezaji. Tukimfukuza huyu, hatakuja mwingine."

"Desemba ulisema aje aseme mbele ya akina mama."

"Desemba nilikuwa upande mwingine."

Hivyo ndivyo alivyosema, mchana kweupe, na togwa yangu mkononi! Na Chediel amekaa pale pembeni anatazama kuku.

Alipoondoka nilimuuliza Chediel kama mtu anaweza kugombea bila chama. Akasema haiwezekani, sheria inataka udhaminiwe na chama. Kwa hiyo nimeandika ili nijisikie vizuri, lakini sijisikii vizuri: kijiji kizima hakitaki bonde likodishwe. Sijakutana na mtu mmoja anayelitaka, ukiondoa Gasto, na sasa Kefa. Na ndio wagombea wetu. Hao hao wawili. Wamebadilishana nguo, na watu wamefuata nguo.

29 Januari
Leo ilikuwa zamu ya Amne.

Jana Klara alipita nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa Ngao. Alisema hakuna kwenda kulima kwa Mizani mpaka uchaguzi upite, tutaonekana tunajipendekeza. Nilimwambia, "Klara, huyu ni Amne. Si Mizani, ni Amne." Akasema hakutunga yeye, ameambiwa. Nikajua watakaokwenda ni wale wenzake wa Mizani.

Nilifika kwa Amne jua linachomoza. Shamba lake la mtama liko nyuma ya nyumba, na magugu yalikuwa yamefika usawa wa magoti ya mtama. Amne alikuwa jikoni. Alikuwa ameshapika maharage, na sufuria kubwa ya maji ya ugali ilikuwa motoni, ile anayoazima msikitini. Alikuwa amepikia kikundi kizima.

"Shikamoo mama," binti yake akanisalimia, kisha akatazama nyuma yangu kuona wengine wako wapi.

Tukaanza wawili, mimi na Amne. Yeye analima ameinama upande mmoja kwa sababu ya mguu. Tukasikia trekta linapita barabarani na tela nyuma, na nyimbo. Nikainua kichwa. Walikuwa akina mama wa Mizani, Yustina yuko mbele, wamevaa fulana mpya. Gasto amewachukua kuwapeleka mkutanoni kwenye kitongoji cha jirani. Walitupungia mikono. Walipunga! Yustina aliita, "Amne, tutakuja kesho!" Kesho ilikuwa zamu ya mtu mwingine, na yeye anajua.

Kwa hiyo Ngao hawakuja kwa sababu Amne ni Mizani. Na Mizani hawakuja kwa sababu Mizani walikuwa na kazi ya kuimba habari za kuwasaidia wanyonge kwenye mkutano.

Hatukumaliza hata robo. Mvua ilipoanza tukaingia ndani. Amne akapakua. Sahani zote zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka. Akaniwekea ugali, akakaa mbele yangu, akatazama zile sahani nyingine.

"Kula, Mama Noel," akasema. "Kula sana. Chakula cha watu wengi hiki."

Nilikula mpaka nikajisikia vibaya, maana sikutaka kibaki. Amne hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira.

30 Januari
Chediel amenigombeza. Amesema mke wa katibu ameonekana kwenye shamba la Mizani wiki ya kampeni, na yeye ndiye amepigiwa simu. Nikamuuliza aliyepiga simu alisema nilikuwa nafanya nini. Akageuka kutafuta viatu. "Sema. Alisema nilikuwa nafanya nini?"

"Unapalilia."

"Basi mwambie ni kweli."

Hatukuongea tena siku nzima. Alizeti imechipua vizuri.

6 Februari
Pale kisimani nimewauliza watu mmojammoja, kila mtu akiwa peke yake. Unataka bonde likodishwe? Hapana. Hapana. Hapana kabisa. Mzee Laurenti alitema mate chini. Utampigia nani? Kila mtu akanitajia chama chake. Mzee Laurenti akasema, "Mimi nimezaliwa Ngao." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, lakini ulizaliwa kwa Mama Alute, chini ya mfereji ule pale." Akacheka, lakini kura yake haikucheka.

Ukimuuliza mtu peke yake, ana akili zake zote. Mvishe fulana, anakuwa mwingine.

15 Februari
Tumepiga kura. Niliingia kwenye kile kichumba, nikawatazama wote wawili kwenye karatasi, Kefa na Gasto, nikaikunja kama nilivyopewa nikaitumbukiza. Sijui kama ni haki au ni uoga. Mkono ulikataa.

Kefa ameshinda. Ngao wanacheza njia nzima. Klara anashangilia kushindwa kwa Gasto, ambaye mwaka jana, akiwa Ngao, ndiye aliyemlipia kushonewa sare. Chediel amepoteza sauti.

16 Februari
Yustina amepita hapa nje bila kusalimia. Sijui ananilaumu kwa lipi. Sikumpigia kura hata huyo wetu, Kefa.

23 Februari
Jua. Wingu hata la dawa hakuna. Mahindi yamekunja majani.

2 Machi
Jua. Nilimpelekea Amne maboga. Magugu yameshinda mtama wake upande wote wa chini. Amesema ataukata awape mbuzi.

7 Machi
Mtendaji wetu, kijana Frank, amebandika tangazo. Mkutano mkuu wa kijiji Jumatano. Ajenda ni matumizi ya bonde. Kefa alitaka lipite kwenye halmashauri ya kijiji peke yake, lakini Frank amekataa, amesema ardhi ya kijiji lazima wanakijiji wenyewe waridhie. Namshukuru huyo kijana kwa kufanya kazi yake tu.

9 Machi
Nimekwenda kwa Yustina. Sikumzungusha. "Jumatano, kaa unapotaka, vaa unachotaka, lakini ukiulizwa la bonde jibu kama ulivyonijibu mimi ukichuma matembele."

"Gasto anasema tukikataa tutakuwa tumepinga maendeleo."

"Kefa naye anasema hivyohivyo."

Akashtuka. "Kefa anasema hivyo?"

"Neno kwa neno."

Alipembua dengu zilezile alizokwisha kupembua. Kisha akaniambia, "Amne amenikasirikia?"

"Kamuulize yeye."

12 Machi
Nimelowa, sauti imekauka, lakini naandika.

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikaa kama harusi ya koo mbili zisizopendana. Ngao wamekaa upande wa ofisi, Mizani upande wa miti, katikati njia. Hakuna aliyewaambia wakae hivyo. Wingu zito lilikuwa linapanda kutoka upande wa Kinampanda, la kwanza baada ya lile jua lote.

Kefa akafungua. Akamsifu mwekezaji, pampu, ajira. Ngao wakapiga makofi. Halafu Gasto akaomba kusema, na watu wa Mizani wakajiweka sawa, wakingoja kusikia akimpinga Kefa. Gasto akasema, "Katika hili, namuunga mkono mwenyekiti asilimia mia." Mizani wakapiga makofi pia, lakini makofi yakafia njiani. Watu wakaanza kutazamana. Nadhani hapo ndipo wengi walipoelewa kwamba hawakuwa na mgombea hata mmoja.

Frank akasema, "Wanaoafiki bonde likodishwe wanyooshe mikono."

Nikaona kitu ambacho sitakisahau kwa ubaya wake. Hakuna aliyetazama bondeni. Ngao wote walimtazama Kefa, Mizani wote walimtazama Gasto. Mikono ikaanza kupanda taratibu, huku mmoja na kule mmoja, kama watoto wanaobahatisha jibu darasani.

Nikasimama. Kefa akasema muda wa maswali umepita. Nikasema sina swali.

"Nawajua," nikasema. "Nimewauliza kisimani mmojammoja, na wewe, na wewe, na wewe mzee. Wote mlisema hapana. Leo mnanyoosha mikono ya nani? Kefa alipokuwa Mizani alisema halikodishwi, Mizani mkashangilia. Leo anasema likodishwe, Ngao mnashangilia. Gasto alipokuwa Ngao, Mizani mlimwita mwizi wa bonde, leo mnapanda trekta lake. Wao wana haki ya kuhama. Lakini kiangazi, mtoto akililia kiazi, mtampa fulana atafune?"

"Mke wa katibu, kaa chini!" mtu wa Ngao akaita.

"Mwache aseme!" mtu wa Mizani akajibu, na nikamgeukia huyo pia. "Wewe usinitetee kwa sababu nimewakera Ngao. Ulikuwa wapi siku ya palizi ya Amne?"

Amne akainuka pale alipokuwa amekaa na Mizani. Alitembea kwa mguu wake ule mpaka kwenye ile njia ya katikati, akaweka kanga chini, akakaa. Nikaenda nikakaa naye. Kwa muda tulikuwa sisi wawili tu, na nilijisikia mjinga, nasema ukweli. Kisha Yustina akaja. Akakaa upande wa pili wa Amne, hakumtazama. Wakaja akina mama wengine, wa huku na wa huko, mpaka njia ikajaa.

Frank akasema tuanze upya. Wanaoafiki. Mikono ilikuwa michache, Kefa na Gasto na walio karibu nao. Wasioafiki. Mikono ikapanda, na tone la kwanza la mvua likatua. Nilimtafuta Chediel. Alikuwa amekaa meza kuu, nyuma ya Kefa. Mkono wake ulikuwa juu. Si juu kabisa, lakini juu ya kichwa. Klara alikuwa ameficha mikono yake yote miwili ndani ya kanga, hakuinyoosha mara ya kwanza wala ya pili.

Kefa akataka kuahirisha kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyeinuka. Tulikaa tukanyeshewa mpaka Frank aliposoma kwa sauti kwamba mkutano umekataa.

14 Machi
Chediel ameitwa na wakubwa wa kata wa Ngao. Ameniomba nimpigie pasi shati jeupe.

15 Machi
Wamemvua ukatibu. Alirudi kwa miguu, ingawa bodaboda zilikuwepo. Alikaa barazani, akavua viatu. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa, nina majibu ya kutosha.

"Waliniuliza nani amenituma," akasema. "Nikasema hakuna. Wakauliza tena. Hawakuamini kwamba mtu anaweza kukataa kitu kwa sababu hakitaki."

"Na wewe ulikuwa unaamini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Nilikuwa sijajaribu."

Nilimletea uji. Hasira yangu kwake haijaisha. Ile kofia aliyoisawazisha ukingo bado naiona. Lakini nilikaa naye mpaka akamaliza.

19 Machi
Kefa ni mwenyekiti bado, na atakuwa mwenyekiti kwa muda. Gasto bado ni Mizani. Klara ametangaza kikundi chake kipya cha palizi, cha Ngao watupu. Nani atampikia nani, sijui.

Pale senta wanasema Chediel amehamia Mizani. Hakuna aliyemuuliza. Amepinga Ngao, basi ni Mizani. Kwao hakuna mahali pengine pa mtu kuwepo.

22 Machi
Tumekwenda bondeni kumpandia Amne viazi, badala ya ule mtama uliokufa. Mimi, Chediel, na baadhi ya wale akina mama. Yustina alitangulia kufika kuliko sisi sote. Tulikuta ameshainua tuta moja zima peke yake. Amne alimpa mbegu za kupanda akasema, "Ziweke karibukaribu." Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ile siku ya trekta. Yustina akaziweka karibukaribu.

Jua lilipokuwa limepanda tukasikia trekta. Gasto alishuka na watu wa Mizani, mmoja ameshika fulana mpya iliyokunjwa, mwingine ana kadi. Walitembea juu ya matuta ya watu. Gasto akatabasamu kwa mbali.

"Katibu! Tumesikia yaliyokupata. Karibu nyumbani."

Chediel akaendelea kulima. Gasto akasogea, akanyoosha ile fulana mbele yake kama muuza nguo mnadani.

"Bwana Chediel, huwezi kubaki hewani. Ngao wamekufukuza, na sisi unatukataa? Sasa wewe uko wapi?"

Chediel akasimamisha jembe. Akatazama miguu yake, matope yamefika chini kidogo ya magoti.

"Niko kwenye viazi," akasema. "Na wewe umesimama juu ya mbegu. Shuka."